Acha Fasi Iseme

Mwalimu alikuwa na koti moja la mvua, la kijani, ambalo hakulivua hata jua lilipowaka, na mimi nimelichukia koti lile kuliko nguo yoyote niliyowahi kuiona mwilini mwa mtu. Kwa miaka mingi nililiona likipita mbele ya mashine yangu ya kusaga hapa Mabanga, asubuhi likienda, jioni likirudi, na nilikuwa nikifurahi kuliona. Nitayasema na hayo. Mtu akikukosea, ukimweleza kana kwamba alikuwa mbaya tangu mwanzo, unampa nafuu. Mwalimu hakuwa mbaya. Ndiyo maana sijamsamehe.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukuta wa mashine yangu. Sasa hayupo tena pale. Wanasema yuko kwa binti yake upande wa Bukavu, na watu wa mtaa wameanza kumsahau. Mimi sitaki asahaulike.

Alifundisha darasa la sita kule Majengo mpaka nywele zikawa nyeupe, na nusu ya wanaume ninaowajua katika mji huu wamepita mikononi mwake, pamoja na baba wa watoto wangu. Alipoacha kufundisha, wanafunzi wake wa zamani walichanga wakamnunulia simu nzuri. Nadhani walitaka apige soga na wajukuu. Yeye akafungua grupu la habari, na ndani ya muda mfupi lile grupu likazaa mengine, maana watu wa Goma walikuwa wamechoka kuishi kwa uvumi. Leo unaambiwa waasi wako Kibumba, kesho unaambiwa hawapo, unafunga mizigo na kuifungua mpaka kamba zinakatika. Mwalimu akaleta utaratibu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Habari ya mahali haisemwi mpaka umefika mahali hapo. Alikwenda kwa miguu, hata mbali, kwa sababu alisema mtu aliyepanda pikipiki haoni kitu zaidi ya mgongo wa dereva. Akifika, alitoa simu mfukoni mwa lile koti, akanyoosha mkono kuelekea mahali penyewe, akanyamaza. Ulikuwa unasikia sokoni Kituku akina mama wakibishania samaki, au magurudumu ya chukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, yakigonga mawe ya lava. Baada ya hapo ndipo yeye alipoongea, kwa ile sauti ya kusoma imla, na mwisho akafunga kwa moja ya maneno yake. Nimeona. Au nimeambiwa. Au sijui.

"Picha ni uongo tupu," aliwahi kuniambia, ameketi juu ya gunia langu la mahindi akisubiri mvua ipungue. "Mutu anachukua picha ya vita ya inchi ingine, anasema ni Kibati. Lakini sauti ya fasi yetu, sikio ya mutu wa Goma inaijua. Mimi ninaacha fasi iseme kwanza. Kisha mimi."

Fasi ndiyo mahali, kwa Kiswahili chetu. Watoto wa mtaa walikuwa wakimwigiza, wananyoosha mkono mbele ya choo cha mtu, wananyamaza, kisha wanasema kwa sauti nzito, "Niko ku choo. Nimeona." Alicheka akiwasikia. Ndani ya grupu hakucheka. Aliyeleta picha ya maiti wasiojulikana alitolewa nje wiki nzima, na Mwalimu aliita adhabu hiyo kusimama pembeni, kama darasani. Niliwahi kumwona mfanyabiashara mkubwa, mwenye ghorofa, amekuja kumwomba msamaha ili arudishwe. Alimwacha asimame kwanza.

Mlima ulipopasuka, ule usiku mbingu ilipokuwa nyekundu, mimi na watoto tulikimbilia Sake na mashuka mabegani. Mwalimu hakukimbia. Tulilala kwenye darasa la shule pamoja na watu tusiowajua, kila mmoja na habari yake: Goma imekwisha, uwanja wa ndege umemezwa, Mabanga ni jiwe tupu. Asubuhi mtu mmoja akafungua simu. Tukasikia kwanza ule mlio wa lava inapopoa, kama vyungu vinavyopasuka kimoja kimoja, na mbuzi mmoja akilia. Kisha yeye. "Niko Buhene. Moto umesimama hapa, haukufika Mabanga. Nimeona." Chumba kizima kililia. Mimi nililia mpaka nikashika mkono wa mwanamke ambaye sikujua hata jina lake.

Na bado hilo silo lililompa watu. Lililompa watu ni ziwa. Siku zilizofuata ardhi ilikuwa ikitetemeka, na kila mwenye simu akawa mtaalamu wa gesi: ziwa litalipuka, litatuua sote tukiwa usingizini. Watu wakamlilia Mwalimu awaambie. Akashuka mpaka majini, akaacha mawimbi yaseme, akasema, "Niko Kituku. Maji ninayaona. Gesi siioni. Sijui." Hapo ndipo baba wa watoto wangu alipopiga goti lake kwa kofi na kusema huyu mtu sasa atamwamini mpaka kaburini. Alisema hivyo hivyo, na sijaongeza neno.

Nieleze sasa mambo yake mengine, maana hakuwa simu peke yake. Alikuwa na adabu iliyozidi. Ukimkaribisha chakula, alisema amekula, na ulikuwa unaona kabisa kwamba hajala tangu jana. Ukimuuliza habari za goti lake, alisema limepona, huku akishika ukuta. Mtu yule aliyeendesha mji mzima kwa ukweli alidanganya juu ya tumbo lake na mifupa yake kila siku, na tuliona ni ustaarabu. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi wa kushonea magunia, uzi aliouomba kwangu. Alipenda sukari lakini hakununua. Akina mama walimletea, na aliipokea kwa mikono miwili.

Tena, hakuweza kufunga kinywa mbele ya swali. Hilo nililipata kwa baba wa watoto, aliyekuwa akilisimulia kwa kicheko. Siku moja darasani mwanafunzi aliuliza ziwa letu lina kina gani. Mwalimu akajibu papo hapo, akataja mita. Wiki iliyofuata mwingine akauliza swali lile lile, na Mwalimu akataja mita nyingine kabisa, kwa uso ule ule. Darasa likatazamana. "Kusema sijue, ile ilikuwa inamuchoma," baba wa watoto alisema. "Alijifunza akiwa muzee, na bado haimupendeze."

Tulicheka wote wawili. Siku hizi hadithi ile hainichekeshi.

Kwa kuwa alianza kupenda kuulizwa. Tuseme ukweli. Kila duka kuanzia hapa mpaka Katindo lilikuwa na kiti cha Mwalimu. Akipita, wanaume walisimama. Wake za madereva na wafanyabiashara wa njia ya Masisi walimpigia kabla ya kuwapigia waume zao, na simu yake ililia mpaka ikawa moto, naye alikuwa akiitazama ikilia kwa raha ya mtu anayesikiliza wajukuu wakimwita. Goti likazidi. Matembezi yakapungua. Maneno hayakupungua.

Baba wa watoto alikuwa amekwenda kununua mahindi milimani, na wakati wa kurudi alikwama Sake na wenzake, kwa sababu mapigano yalikuwa yamesogea karibu na barabara. Wakati huo mkanda wa mashine yangu ulikatika. Fundi alikuwa amekimbia, nikaushona mwenyewe kwa waya. Kila waya ulipopita juu ya gurudumu, mashine iligonga: ta, halafu ngurumo, halafu ta. Nilijua nitanunua mwingine mume wangu akirudi. Kelele ile yeye hakuwahi kuisikia.

Alinipigia mchana. Nililazimika kutoka nje ili nimsikie, kwa ajili ya mashine.

"Mama, tunatoka," alisema, na sauti yake ilikuwa nyepesi. "Mwalimu iko Mubambiro, ameona njia ni wazi. Makamio inapita. Tumeisikia na masikio yetu."

Bomu liliangukia barabara kabla hawajafika Mubambiro, ambapo ni njiani ukitoka Sake kuja Goma. Lori liliungua na mahindi yake. Nani alilirusha, kila upande unamtaja mwenzake, na mimi sina mkono wa kumfikia yeyote kati yao.

Mwalimu alikuja kwenye matanga. Aliketi mbele kabisa, na koti lake, na wanawake walipomletea sahani alisema amekula. Alinishika mikono yote miwili akaniambia mume wangu alikuwa mtoto mwenye akili, kwamba alimkumbuka alipokaa dirishani darasani. Nilimshukuru. Hilo ndilo linalonirudia ninapofua, ninapopika, ninapopepeta: nilimshukuru.

Matanga yalipokwisha, nilifungua ile sauti ya Mwalimu kwenye grupu. Sikuwa nimeisikia. Siku ya tukio nilikuwa na wateja, na baadaye sikuwa na moyo. Niliketi juu ya kitanda nikaifungua ili nisikie kitu cha mwisho alichokisikia baba wa watoto wangu kabla ya kupanda gari. Mahali paliongea kwanza, kama kawaida. Ngurumo. Ta. Ngurumo. Ta. Kisha yeye: "Niko Mubambiro. Magari inapita. Nimeona."

Nilisikiliza tena, na tena. Kule Sake, katikati ya makelele ya madereva, simu ndogo ikipita mkono kwa mkono, watu wote walisema hayo ni malori, makamio kama tunavyoyaita. Nani angewalaumu? Walifundishwa wasikilize mahali. Lakini ule waya niliushona mimi.

Nilimpa nafasi, watu wajue hilo. Nilizunguka ukuta nikagonga mlango wake, nikamwekea simu juu ya meza.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni makamio, mama."

"Sikiya muzuri."

Akasikiliza, ameinamisha kichwa upande mmoja kama alivyozoea. Niliona sikio lake likijua. Halafu akavua miwani, akaipangusa.

"Ni makamio," alisema. "Nilikuwa kule. Unaumia, mama. Mutu akiumia anasikia mambo mingi."

Kama angesema ndiyo siku ile, labda ningempiga kwa kiatu, nikalia, yakaisha. Alinifanya mwendawazimu nyumbani kwake, kwa upole, kwa sauti ya imla. Nilitoka nikaenda kuwasha mashine. Nilirekodi mashine peke yake. Kisha nikatuma kwenye magrupu yote niliyoyajua, sauti yake kwanza, ya mashine ikifuata, na ya tatu ikawa yangu: "Sikiyeni ya kwanza, kisha ya pili. Ya pili ni mulinu yangu, hapa Mabanga. Ile siku Mwalimu alikuwa nyuma ya ukuta yangu. Acheni fasi iseme."

Jua halikuzama kabla ya mji mzima kujua. Watu walikuja mpaka hapa, wanasimama mbele ya mashine na simu masikioni, wanatikisa kichwa. Mwenye duka la kona alikiondoa kiti cha Mwalimu, akakaa yeye mwenyewe. Wajane wa lori lile walikwenda mlangoni kwake wakakaa chini, asubuhi mpaka mchana. Wanafunzi wake wa zamani walimtoa katika magrupu aliyoyaanzisha yeye, na mfanyabiashara wa ghorofa ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema asimamishwe pembeni. Watu wakaongeza na ya kwao. Walisema alinunuliwa, wengine na upande huu, wengine na upande ule, kwamba amejenga nyumba Bukavu, kwamba ana bahasha chini ya godoro. Mimi sikuwahi kusema alinunuliwa. Sikuwahi pia kusema hakununuliwa. Nilikuwa nikisaga mihogo, wanasimulia mbele yangu, na nilikuwa nikisikia utamu. Siuonei haya utamu ule.

Vita vilipoingia mjini kwenyewe, maji yalikatika. Watu wakawa wanakunywa ya ziwani na kuugua. Asubuhi moja Mwalimu alipita mtaani, mlango kwa mlango, anaegemea fimbo, anasema nyuma ya kambi ya Katindo kuna bomba linalotoa maji safi na hakuna anayezuia. "Nimeona," alisema. Milango ikafungwa. Mama mmoja akamwambia, "Unataka kutuua na sisi?" Alipofika kwangu, alipita tu. Nilitazama upindo wa koti lake. Ulikuwa umelowa, na mvua haikuwa imenyesha kwa siku kadhaa.

Nilichukua bidoni zangu za maji nikaenda. Maji yalikuwepo. Niliporudi niliwaambia wanawake, "Maji iko Katindo. Nimeona," na mtaa wote ukatoka na bidoni, wakapanga mstari kwa neno langu. Hakuna aliyekumbuka kwamba yeye ndiye aliyesema kwanza. Mimi nilikumbuka, nikanyamaza. Tangu hapo, wakitaka kujua kama njia ni salama, au kama mpaka umefunguliwa, wanakuja kwa Mama Mulinu. Mulinu ni mashine ya kusaga, na ndilo jina langu siku hizi.

Kisha akaja. Alibeba beseni dogo la mihogo mikavu, akajipanga mstarini pamoja na wanawake, nao wakamwachia nafasi pande zote mbili. Nilimsagia. Hakuondoka. Alisubiri mpaka tukabaki wawili na mashine inayomalizia unga wa mwisho.

"Mama, niko na neno," alisema. "Ninataka kulisema ku simu yako. Ya kwangu hakuna mutu anaifungua."

"Sema."

"Zimisha mashine kidogo. Batu basikie muzuri."

"Siizimishe. Ile siku haukuniomba niizimishe."

Alikubali kwa kichwa. Nikashika simu mbele ya kinywa chake, na ta ile ikawa inapita kati ya maneno yake. Mkanda sijaubadilisha mpaka leo.

"Niko Mabanga, ku mulinu," alianza, na sauti haikuwa ya imla tena. "Ile siku sikukuwa Mubambiro. Nilikuwa ku nyumba. Goti ilinikatalia. Mutu mumoja wa barabara aliniambia njia ni wazi. Simu ilikuwa inalia, wamama bote banauliza: Mwalimu, umeona? Hakuna alitaka nimeambiwa. Na mimi nikakosa nguvu ya kusema sijui. Hakuna mutu alinipatia kitu. Hata franga moja. Ni ile tu."

Alidhani amemaliza.

"Na simu uliinyosha wapi?" nilimuuliza.

Akatazama ukuta. Akatazama lile gurudumu.

"Niliinyosha ku ukuta yako, mama," alisema. "Nilijua batu batasema ni makamio."

Nilikuwa nimelisubiri neno lile tangu mlangoni kwake. Nilifikiri nikilisikia nitapoa. Sikupoa. Niliona mkono wa koti la kijani ukinyanyuka nyuma ya ukuta, taratibu, simu ikielekezwa kwangu mimi ninayesaga, na mume wangu huko Sake akiinua uso na kusikiliza.

"Tuma ku magrupu," aliomba. "Batu bajue sikuuza mutu. Weye ukituma, banaamini. Mimi nitaenda kwa binti yangu, sitarudi. Lakini nisiende na jina ile."

"Rezo ikirudi, nitatuma," nilisema. Rezo ndiyo mtandao wa simu, na vita vilikuwa vinaukata mara kwa mara.

Alinishika mikono yote miwili kama siku ya matanga.

Wiki moja baadaye alirudi, amefunga kibegi, kamba imepita juu ya koti. Wanawake walikuwa wamejipanga mpaka barabarani na mabeseni yao. Mashine nilikuwa nimeizima, ninaongeza mazutu, dizeli yake, na palikuwa na ule utulivu alioniomba siku ile.

"Mama, ulituma?"

"Rezo haiko, Mwalimu. Tangu juzi hakuna kitu."

Simu ya mwanamke wa kwanza mstarini ikalia, ujumbe umeingia. Kisha ya mwingine nyuma yake. Msichana mmoja karibu na mlango akafungua sauti ya dada yake, na dada akacheka kwa nguvu huko aliko, akamwuliza kama watoto wamelala salama. Simu ya nne ikalia ndani ya kitenge cha mtu.

Mwalimu aliinamisha kichwa upande mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu aliyenyoosha mkono wake mwenyewe na kunyamaza. Kisha akanitazama, na mimi sikushusha macho. Nilitaka asikie.

"Sawa, mama," alisema. "Rezo ni mubaya."

Akaweka sawa kamba ya kibegi, akatoka akipita kando ya mstari, na wanawake wakavuta mabeseni yao ili koti lisiyaguse. Nikafunga kifuniko cha mazutu, nikawasha mashine, nikamwita anayefuata.